Na yule mwingine nyumbani, anaendeleaje?

Kila tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani, ule ugonjwa wa kurithi wa damu, huzungumzwa habari za mgonjwa na mama yake. Ni haki yao, wao ndio wanaolala wodini. Mimi nimekulia katika nyumba yenye selimundu nikiwa sina ugonjwa, na nina neno kuhusu watoto wa aina yangu, wale wanaoachwa kwa jirani.

Mdogo wangu alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu kabla hajatimiza mwaka. Tangu hapo ratiba ya nyumba ikawa yake: asichezee maji ya baridi, avae sweta jioni, anywe maji mengi, asikimbie sana. Chupa yake ya maji ya shule nilibeba mimi, na ikirudi imejaa aliyegombezwa ni mimi. (Siku hizi anakiri kwamba nyingine alizimwaga njiani.) Maumivu yakimshika usiku, mama alimkanda miguu, baba akatoka kutafuta usafiri, nami nikajifanya nimelala. Mtoto aliyelala hampi mtu kazi.

Mtoto wa hivyo hujizoeza kutoumwa. Ana homa, anasema hana kitu. Wakubwa nao humsifu: "Huyu wala hana usumbufu." Sifa hiyo siipendi hata kidogo. Nikiisikia ikitajwa katika nyumba yenye mgonjwa, huwa nauliza huyo asiye na usumbufu ana umri gani.

Halafu kuna hesabu ambayo familia nyingi huiishia njiani. Kwetu mashangazi walimnyooshea mama kidole, eti ukoo wao haukuwahi kuwa na ugonjwa huo. Lakini mtoto hapati selimundu ya SS, yaani yenye vinasaba viwili vya ugonjwa, mpaka baba na mama kila mmoja ametoa kinasaba chake. Wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani kila mmoja anabeba kinasaba kimoja bila kuumwa, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Wakishaambiwa hivyo wanashusha pumzi: basi hawa wengine wamepona. Kumbe kila ndugu asiyeumwa katika nyumba hiyo ana uwezekano wa mbili ya tatu wa kubeba kinasaba kimoja. Haumwi, tena hata malaria kali haimpati kirahisi, ila akioana na mwenye AS kama yeye, mambo yanaanza upya. Kipimo ni cha damu tu. Mimi nilikwenda mwenyewe nikiwa tayari na mchumba. Nyumbani hakuna aliyewahi kunitajia.

Na sasa limeingia jambo jingine. Tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu. Ni habari njema kweli. Mchangiaji anayetafutwa kwanza ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na uwezekano wa ndugu mmoja kulingana kabisa na mgonjwa ni robo. Sasa mfikirie mtoto wa miaka kumi, ambaye miaka yote alikuwa akiambiwa "mwache mwenzio, anaumwa," anaitwa ghafla kuwa ndiye tegemeo. Akilingana, nani atamuuliza kama anaogopa? Asipolingana, nani atakaa naye amweleze kwamba hajamkosea mtu?

Kwa hiyo wauguzi wa kliniki za selimundu, mkishamaliza kuandika wingi wa damu na dozi ya dawa ya haidroksiyurea, mwulizeni mzazi wale wengine nyumbani wanaendeleaje. Swali hilo halihitaji bajeti. Na wazazi, najua mmechoka na hela zimeishia hospitali. Mtoto wenu asiyeumwa msimfanye muuguzi msaidizi. Mgonjwa naye apewe kazi anazoziweza, akunje nguo, achambue mchele; wengi wao wanachukia kutazamwa kama yai. Yule mwingine mchukueni hata mpaka gengeni, peke yake, mkamsikilize habari za shule, na njia nzima jina la mwenzake lisitajwe.