Mama mkwe, chemba na ua la kona ya nyuma

Nyuma ya nyumba yetu kuna kona imebanwa kati ya ukuta wa chumba cha wageni na uzio, hiyo kona na jua hawajuani kabisa. Asubuhi mti mkubwa unaziba, mchana ukuta unaziba, jioni jua likijitahidi sana linagusa juu ya uzio basi limemaliza. Na maji ya paa zima yanashukia hapohapo. Ukipita na ndala, ndala inabaki kwenye tope wewe unaendelea na safari na mguu mtupu.

Wife alishatoa hukumu zamani, mwaga zege tuanike nguo. Nikamwambia nguo zitakauka vipi sehemu ambayo hata mchanga haukauki? Mimi nataka bustani. Akacheka kile kicheko cha puani, mnakijua.

Basi bwana, nikaanza na waridi. Majani yakaota madoa meusi, yakageuka njano, yakapukutika, likabaki fimbo lenye miba. Nikaleta rozmari, mmea wa watu wa Mediterania huko uliozoea jua kali na udongo mkavu, ule hata salamu haukutoa, ukavuta unakuja wote mkononi mizizi imeoza imekuwa nyeusi. Mshubiri ukalainika ukawa rojorojo. Nyasi za kisasa zikaisha zenyewe ikabaki ile kijani ya kuteleza, na iliwateremsha watu kadhaa pale kwa heshima zao zote.

Unajua kinachotokea pale ni nini, udongo una vinafasi vya hewa katikati ya chembe zake, sasa maji yakikaa muda mrefu yanajaza vile vinafasi vyote, mizizi inakosa oksijeni, inaanza kuoza huko chini kimyakimya. Juu majani yanalegea. Mtu akiona majani yamelegea anasema masikini mmea una kiu, anauongezea maji. Kwetu kuna mtu alikuwa anafanya hivyo kila jioni na jagi, simtaji, tunalala naye chumba kimoja.

Kuna kipimo rahisi cha sehemu za aina hii, unachimba shimo la kina cha kama sentimita 30, unajaza maji, yakishaisha unajaza tena halafu unaangalia yanachukua muda gani kushuka. Yakiisha ndani ya masaa machache uko vizuri. Mimi la kwangu nililijaza jioni, asubuhi nakuta maji yako vilevile na chura ameshahamia, ananiangalia mimi ndo kama mgeni.

Nikabadilisha mbinu sasa. Badala ya kuilazimisha kona iwe kavu, nikatafuta mimea inayopenda kivuli na unyevu. Makangaga, yale yenye majani kama vitana, hayo yakashika bila maneno mengi. Begonia nikaziweka pembeni kwenye mwinuko kidogo maana hazitaki kuogelea. Maua meupe nayo nikayatafuta kwa makusudi kwa sababu kwenye giza lile nyekundu iliyokolea haionekani kabisa, jeupe linajitokeza hata jioni. Nanaa nikaambiwa niiweke kwenye ndoo iliyotobolewa chini la sivyo itatambaa mpaka sebuleni, na kweli, kuna kipande kimoja kilidondoka nje ya ndoo hivi sasa kinadai urithi.

Lakini katikati pakabaki wazi. Nilitaka kitu kirefu, chenye sura, mtu akifungua dirisha la chumba cha wageni aseme weee.

Hapo ndo anaingia jamaa mmoja wa kazini. Mtu mpole, haongei, anapenda mimea kuliko watu. Akaniletea kiazi kwenye mfuko wa karatasi, kikubwa kinajaza viganja viwili, kimebonyea juu katikati. Akasema "hiki kaka kwenye kivuli kitakufurahisha, ila usikizamishe kwenye maji, kiinulie udongo." Nikamuuliza kina ua? Akasema lipo, zuri, la kipekee. Naomba mlikumbuke hilo neno, la kipekee. Nikampandishia kiazi tuta lenye mchanga na mboji, maji yanapita chini yeye yuko juu, kama bosi.

Aisee kikatoa kitu. Jani moja tu! Shina limenyooka limejaa madoadoa ya kijani na kahawia, juu limejifungua limekuwa mwavuli. Usiku wa kwanza dada wa kazi alimulika tochi kwenye lile shina akapiga yowe la nyoka mpaka majirani wakatoka na marungu. Baadaye wakawa wanakuja wenyewe kulipiga picha. Nikatembea kifua mbele miezi ile yote. Halafu likanyauka, likaanguka, kwisha. Jamaa wa kazini akasema liache limelala, usimwagilie, litaamka lenyewe.

Likaamka wiki ambayo mama mkwe anakuja.

Yaani ingekuwa wiki nyingine yoyote. Kikachomoza kitu kama mkuki, hakina jani hata moja, kinapanda kwa kasi mpaka unahisi ukikaa kimya utakisikia. Jamaa nikamtumia picha akajibu na kidole gumba tu. Mimi nikaita familia nzima nikawatangazia ua linakuja kwa heshima ya mama, na kitanda chake nikakisogeza kabisa karibu na dirisha ili likifunguka alione akiwa amelala.

Mama akafika, tukapokea mizigo, tukaongea mpaka usiku, akaenda kulala. Asubuhi anatoka amejifunga kitenge puani. Namuuliza mama umelalaje, anasema "salama tu mwanangu." Lakini macho yake hayakuwa na usalama wowote. Baadaye nikamsikia jikoni anamnong'oneza binti yake, "hivi huyu mumeo, hii nyumba panya akifa hamtoi?"

Kufikia mchana hapakuhitajika kunong'ona. Harufu imejaa nyumba nzima, nyama iliyooza, nzito, ya kukaa kooni. Wife akaanza msako. Kabati likavutwa, magodoro yakasimamishwa, mimi nikapandishwa darini na tochi nikashuka na utando wa buibui kichwani na hakuna panya. Tukatoa friji. Tukanusa viatu vya watoto, vikawa na kesi yao lakini siyo hii. Na mimi katikati ya ule msako nilikuwa kila nikipata upenyo nachungulia kona kuangalia ua, maana lilikuwa limeshafunguka, zambarau iliyoiva karibu na nyeusi, limejikunja pembeni kama sketi na ule mkuki umesimama katikati. Nikawa nawaambia jamani hebu njooni mpumzishe akili mwangalie uumbaji. Mama mkwe akaja, amebana pua, akaliangalia muda mrefu, akasema "zuri. Ila hapa ndo harufu imezidi." Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba chemba iko hapo jirani mama, ni chemba hiyo, nimemwita fundi.

Fundi akaja jioni na mtaimbo wake. Kijana mmoja mkimya hivi, anasikiliza kwanza. Akavua shati, akapenyeza mtaimbo, akainua mfuniko wa chemba, sisi wote tukarudi nyuma kwa pamoja. Yeye akachuchumaa pale ukingoni, akachungulia ndani, akanusa, akanusa tena. "Bosi, hii inapita vizuri tu. Na haina hiyo harufu." Nikamwambia fundi haiwezekani, angalia vizuri. Hakunijibu. Alikuwa anaangalia nzi.

Sasa hapa ndo nilimheshimu yule kijana. Chemba iko wazi pale chini yake, mdomo wote, na nzi wanaipita! Wale nzi wakubwa wa kijani wanaong'aa, wanakuja kutoka upande wa barabara, wanakatiza juu ya chemba bila hata kugeuza shingo, wanakata kona ya ukuta. Fundi akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akawafuata taratibu. Sisi nyuma yake, mstari mmoja, mimi, wife, mama mkwe na kitenge chake, watoto, dada, na jirani aliyekuja kulalamika akajikuta kwenye msafara. Tukafika konani. Nzi wamejaa ndani ya ile sketi, wanaingia wanatoka, mende wadogo nao wamo. Fundi akainama juu ya ua langu, akavuta pumzi, akarudi nyuma mpaka akaegemea uzio.

"Bosi," akasema huku machozi yanamtoka, "maiti yako hii hapa."

Kicheko kilichopigwa na wife sitaki kukielezea. Alikaa chini kwenye tope. Yeye mwenyewe, aliyekataa kupita pale miezi yote na viatu.

Nikampigia jamaa wa kazini palepale. Ndo ananiambia kwa sauti yake ya upole kwamba ni jamii ya Amorphophallus hiyo, ndugu wa magimbi, na inanuka makusudi. Haitaki nyuki. Inataka nzi na wadudu wanaotafuta mizoga, ndo wanaoibebea chavua, kwa hiyo inajigeuza mzoga, rangi ya nyama, harufu ya nyama, na ule mkuki wa katikati unajipasha joto wenyewe ili harufu ipande isambae mbali. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia? Akasema "nilikwambia la kipekee."

Mimi nikajaribu kuokoa heshima. Nikamwambia mama mkwe kwamba hili ni dogo, lipo kaka yake kisiwa cha Sumatra huko Indonesia, Amorphophallus titanum, ua lake linaweza kupita mita 3, Mwitaliano mmoja aitwaye Odoardo Beccari ndiye aliyewajulisha wanasayansi mwaka 1878, na mwaka 1889 likachanua kwenye bustani ya Kew kule London, mara ya kwanza kuchanua mbali na kwao, na mpaka leo kwenye bustani za mimea likichanua watu wanapanga foleni kwenda kulinusa. Wanapanga foleni mama!

Akanijibu, "waambie waje na hapa, chumba nawaachia."

Ikaamuliwa likatwe. Nikapinga, nikasema siku chache tu linakufa lenyewe, jamaa kasema, harufu kali ni ya siku mbili tatu za mwanzo. Kura zikapigwa nikapata yangu moja na ya mtoto mdogo ambaye alidhani tunapigia kura mbwa. Lakini nikapata maridhiano, nilifunike kwa ndoo na jiwe juu. Usiku ule hali ikatulia kweli, watu wakalala. Kumbe ndoo ilikuwa inahifadhi. Asubuhi nikainyanyua kuangalia kama ua limeshaanza kulegea, ile harufu ya usiku mzima ikanipiga usoni kwa mkupuo mmoja, nikarudi kinyumenyume nikakanyaga ile kijani ya kuteleza, nikakaa kwenye ndoo ya nanaa. Kwa mara ya kwanza tangu mama aje, nilinukia vizuri.

Basi nikalikata. Mikono mitupu, maana glovu zilikuwa ndani na ndani kulikuwa na watu wanaocheka. Utomvu ukanichirizikia mpaka kwenye kiwiko, na mimea mingi ya ukoo wa magimbi ina vifuwele vya oksaleti ya kalsiamu, vina ncha kama sindano, vinachoma ngozi. Nikajikuna mpaka adhuhuri. Fundi alirudi kuchukua mtaimbo wake aliousahau, akanikuta najikunia kwenye pembe ya ukuta, akasema pole bosi, akageuka haraka, mabega yanatingishika.

Kiazi chenyewe kiko salama, kukata ua hakukiui. Baada ya muda jani likatoka tena, refu kuliko la kwanza, madoadoa yake, mwavuli wake, na makangaga yamejaa chini yake pamekuwa pazuri mpaka wife anapaleta kwenye mazungumzo na wenzake kama wazo lake. Hatujaelewana bado kuhusu ua la msimu ujao. Yeye anataka kiazi kihame, mimi nasema mimea yote niliyoleta pale ndo huyu mmoja aliyepapenda bila masharti, sasa tumfukuze?

Mama mkwe siku ya kuondoka hakuligusia. Tukabeba mizigo, tukaagana vizuri, watoto wakalia kidogo. Nikamfungulia mlango wa gari, akaangalia kama binti yake yuko mbali, akanivuta shati.

"Mwanangu, kile kiazi kinazaa?"

Nikasema kinazaa mama, kinatoa vitoto pembeni.

"Nitunzie viwili. Kuna mama mmoja mpaka wangu na wake ni ukuta tu, dirisha lake la chumbani liko upande wa kivuli. Unyevu upo wa kutosha."