Nyonga ya kijana: kubadilisha sasa au kusubiri?

Januari 2019, akiwa na miaka 31, mchezaji tenisi Andy Murray alifanyiwa upasuaji wa nyonga jijini London. Kichwa cha mfupa wa paja hakikukatwa: kilichongwa, kikavishwa kofia ya chuma. Oktoba mwaka huohuo akatwaa ubingwa wa mashindano ya Antwerp, Ubelgiji. Kijana mwenye nyonga iliyosagika akisikia hayo, ana haki ya kuuliza kwa nini yeye anaambiwa asubiri.

Madaktari wanaomwambia hivyo wana hoja nzito. Nyonga bandia huchakaa. Chembe zinazobanduka huchokoza kinga ya mwili, mfupa unaoishikilia ukaliwa kidogo kidogo, na mwishowe ikalegea. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kuwa nyonga bandia 58 hivi kati ya 100 hudumu miaka 25. Kwa mzee wa miaka 70 hiyo inatosha. Wa miaka 28 huenda akarudi mezani, na upasuaji wa marudio ni mgumu zaidi: mfupa umepungua, hatari ya maambukizi imepanda, gharama nayo hivyohivyo.

Isitoshe, njia ya Murray si ya kila mtu. Kofia ile inahitaji mfupa imara chini yake. Kwetu Afrika Mashariki wako vijana wengi ambao nyonga zao zimeharibiwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu (sikoseli): damu haikufika vizuri, kichwa cha mfupa kikafa na kubonyea. Hao, wakifika hatua hiyo, kwa kawaida hubadilishiwa kiungo kizima.

Lakini tuangalie huko kusubiri kunavyokwenda. Kijana hawezi kuchuchumaa chooni. Kiatu cha mguu ule anavalishwa na mdogo wake. Msikitini anaswali kwenye kiti, na akishuka daladala anauinua mguu kwa mkono. Kila siku ananunua diklofenaki, dawa ya maumivu, duka la dawa, wakati selimundu yenyewe hushambulia figo na dawa hizo huziongezea mzigo. Misuli ya makalio inanywea. Mgongo na goti la upande wa pili vinabeba kazi isiyo yao. Hakuna tiba hapo, na inaniuma kuona hali hiyo ikiandikwa kwenye faili kama mpango wa matibabu.

Kwa mtu ambaye kichwa cha mfupa bado hakijabonyea, naunga mkono kusubiri, mradi kuwe na kazi ndani yake: fiziotherapia ya kuimarisha misuli ya makalio na paja, kupunguza uzito kwa aliyezidi, fimbo ishikwe mkono wa upande mzima, picha za eksirei kwa vipindi. Aliyefanya hayo kwa miezi kadhaa na bado maumivu yanamwamsha usiku, kazi imemshinda, sioni umri peke yake ukitosha kumnyima upasuaji. Miaka anayoambiwa aitunze nyonga ndiyo ya kusoma, kuajiriwa na kulea.

Mwenye selimundu bado ana hatari zake mezani. Anahitaji hospitali yenye damu ya kutosha, inayomlinda na baridi, upungufu wa maji na wa oksijeni, na daktari aliyezoea mifupa migumu ya wagonjwa hao. Kabla ya kusaini fomu, amuulize: umeshawapasua wangapi wenye selimundu, na nyonga hii ikilegea, nani ataweza kuibadilisha?