Saa sabini na tano zinazobaki

Wakristo wa Unguja na Pemba tunapozungumzia malezi ya watoto, hatuchukui muda kufika kwenye hoja moja: tungekuwa na skuli zetu za kutosha, watoto wangekua katika imani. Hoja hiyo ina uzito. Mtoto aliye Mkristo peke yake darasani anahitaji mwalimu na wenzake. Tena Paulo anapowaambia akina baba wawalee watoto "katika adabu na maonyo ya Bwana" (Waefeso 6:4), neno lililofasiriwa adabu ni paideia, ambalo kwa Wayunani lilikusanya malezi yote, masomo yakiwemo. Anayetaka hesabu na historia zifundishwe mbele za Mungu hajakosea.

Lakini wanaosema nyumba kwanza husikilizwa kama watu wanaotafuta udhuru wa kutolipa ada, na hapo ndipo ninaposikitika. Katika Kumbukumbu la Torati 6, Musa anaanza na moyo wa mzazi, ndipo amfikie mtoto. Anataja nyakati nne: uketipo katika nyumba yako, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Kitenzi cha Kiebrania tunachokisoma "uwafundishe kwa bidii" kina asili ya kunoa, na panga halinolewi kwa kupitishwa jiweni mara moja.

Kuna hesabu isiyoniachia. Wiki ina saa 168. Mtoto akilala saa 9 kila usiku na kukaa skuli saa 6 kwa siku 5, zinabaki 75. Kipindi cha watoto cha Jumapili kikichukua saa moja, zinabaki 74. Skuli ya kanisa, hata iwe bora namna gani, ingeshika zile 30 za masomo tu. Hizi nyengine zingebaki mikononi mwetu vile vile, na sasa hivi nyingi tumeziachia televisheni na simu. Majirani zetu Waislamu hupeleka watoto skuli na chuoni (madrasa) pia, lakini mtoto wao ameijua bismillahi kwenye sinia ya chakula kabla hajaijua alifu.

Nadhani mazoea yetu yana historia. Wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walipofungua makao ya malezi ya Kiungani na Mbweni, hapa Unguja, katika karne ya 19, walipokea watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wametenganishwa na jamaa zao. Skuli ikawa baba na mama, na ilikuwa rehema kubwa. Sisi tuliozaliwa na kulelewa na wazazi tukarithi fikra ileile, kwamba imani ni kazi ya misheni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 skuli zilitaifishwa. Fikra ile haikuondoka nazo.

Nimejibiwa kwamba nyumba nyengine haziwezi: baba si wa imani hiyo, au mama anatoka zamu ya hoteli usiku. Jibu hilo ni zito, na kanisa lina wajibu kwa nyumba hizo. Ila Timotheo, mwanafunzi wa Paulo, alitoka nyumba ya namna hiyo. Baba yake alikuwa Myunani. Kitabu cha Matendo kinataja sinagogi la Ikonio, mji jirani. Kwa Listra, anakotajwa Timotheo, hakitaji lolote. Paulo anapoitafuta asili ya imani yake anakuta wanawake wawili, bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mkristo wa Pemba anayeishi mbali na kanisa angeisoma habari hiyo kama barua iliyoandikiwa nyumba yake.

Skuli ikijengwa karibu, nitachangia na wanangu nitawapeleka. Kwa sasa kwetu tumeanza na ile "ulalapo", kwa mstari mmoja wa Zaburi ya 4 taa ikishazimwa. Nikifika "Maana Wewe, Bwana, peke yako", mdogo wao, ambaye bado hajui kusoma, ananitangulia gizani: "Ndiwe unijaliaye kukaa salama."