Nani Ataosha Vyombo?

Desemba iliyopita nilikwenda Tanga kumwoza mpwa wangu. Mjomba mtu ndiye mimi, kwa hiyo kanzu nilivaa, mchango nilitoa, na picha nilipigwa mpaka mashavu yakaniuma. Shughuli ilifana. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni ua wa nyumba ya dada asubuhi ya pili yake, nilipotoka na kikombe changu cha chai ya tangawizi nikakosa pa kukanyaga.

Chupa za maji za nusu lita zilitapakaa kila mahali, nyingi zimenywewa mafunda mawili tu. Nilianza kuzihesabu kutoka kizingitini. Nilipofika 40 nilikuwa sijalifikia hata turubai. Halafu zile boksi nyeupe za chakula, nyepesi kama pamba, zenye mifupa ya kuku na wali wa biriani ulioganda mafuta. Paka walikuwa wanakula kwa nafasi. Saa nne hivi akaja kijana na kiroba akaokota chupa, maana chupa zina mnunuzi, huuzwa kwa kilo. Na kwa wepesi wa chupa zile, kilo moja inataka zaidi ya 50. Boksi hakuzigusa, hazina mnunuzi. Zilikusanywa nyuma ya banda la kuku zikatiwa kibiriti, na kanga za sare zilizoanikwa kambani zikanuka moshi wa plastiki kabla hazijakauka.

Nikamwuliza dada, masinia yako wapi? Sisi tumekulia kwenye masinia. Mtaani kwetu kikundi cha akina mama kilikuwa na masufuria makubwa, masinia, majagi na majamvi, kila chombo kimeandikwa herufi za rangi nyekundu kwenye kitako. Ukiwa na shughuli unaazima, ikiisha unarudisha, vinahesabiwa. Watu wanne watano sinia moja, maji ya kunawa yanapitishwa kwa birika na beseni, ya kunywa yako kwenye jagi na bilauri. Wali uliobaki ulikuwa na wenyewe hata kabla haujapoa. Masinia yale nimeyabeba mwenyewe kichwani kuyarudisha, nikiyapiga kama matari njia nzima.

Dada akanitazama. "Mdogo wangu, wewe ulikuwa unayarudisha. Uliwahi kuyaosha?"

Nikanyamaza. Na aibu ilinizidi kwa sababu ya kazi ninayofanya huku Ujerumani: naosha vyombo. Ndiyo. Mtoto wa kiume wa Tanga, ambaye nyumbani sikusuuza hata kikombe nilichonywea, leo naishi München na nalipwa kwa saa kuosha sahani kwenye ukumbi wa sherehe. Harusi ya watu 150, kila mmoja ana sahani ya supu, sahani ya chakula, sahani ya keki, na glasi tatu nne. Hakuna hata kimoja cha kutupa. Navipanga kwenye treya, nashusha kifuniko cha mashine, baada ya dakika mbili hivi nakipandisha, mvuke unanivaa usoni, sahani zinatoka zinaunguza vidole na kujikausha zenyewe.

Jiji hili lilipiga marufuku vyombo vya kutupa kwenye shughuli zinazofanyika katika viwanja vyake tangu 1991. Hata ile Oktoberfest, sikukuu yao ya bia, ambayo mwaka 2024 ilihudhuriwa na watu milioni 6.7, bia inauzwa katika magilasi mazito ya lita moja, ambayo huoshwa na kujazwa tena. Na kwa sherehe ndogo za vijijini na mitaani kuna trela la kukodi, ndani yake sahani, vikombe na mashine ya kuoshea, linavutwa mpaka uwanjani kama sisi tunavyokodi viti na turubai. Siku niliyoliona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Hiki si kile kikundi cha akina mama, kimewekewa magurudumu tu?

Wenzetu wengi tulio ughaibuni tukirudi nyumbani tunahubiri kwamba Wazungu wanapenda mazingira. Mimi nakaa nyuma, kwenye pipa, na ninachokiona ni kingine. Chakula kilichokwisha kuwekwa mezani kwa wageni hakirudi jikoni. Usiku wa manane namimina samaki mzima, viazi, keki isiyoguswa, vyote pipani. Ujerumani inatupa takriban tani milioni 11 za chakula kwa mwaka. Jaribu kumwaga sinia la pilau kwetu Tanga, mtaa wa Ngamiani, mbele ya watu, uone utakavyoitwa.

Chupa nazo hivyo hivyo. Huku ukinunua maji ya plastiki unaweka amana ya senti 25, kama shilingi 700 na ushei, unarudishiwa ukirudisha chupa. Wazee wastaafu wanachungulia mapipa ya stesheni kwa tochi kuzitafuta. Kijana wa kiroba nilimwona Ulaya kabla sijamwona uani kwa dada, ila huyu wa huku alikuwa na mvi. Na amana yenyewe si geni kwetu. Soda za shughuli zilikuja kwenye kreti, chupa za kioo, na ikipotea moja mwenye shughuli anadaiwa. Ndiyo maana watoto tulikuwa tukitumwa kutambaa chini ya viti wakati watu bado wanacheza.

Kwa hiyo tulivyokuwa navyo havikuwa vibaya. Vilikuwa na mgongo wa mtu. Wasichana wa nyumba yenye shughuli walichutama kisimani usiku kucha na majivu na magunzi, wakati sisi tunasikiliza taarabu. Boksi nyeupe zilipokuja, wao ndio waliopumua, na mimi sina haki ya kuwalaumu. Mifuko ya plastiki tumeiacha tangu Juni 1, 2019, kwa amri, na mbadala wake ulikuwa kikapu, hakimchoshi mtu. Hapa mbadala ni kazi.

Basi kamati za harusi ziandike hiyo kazi kwenye bajeti. MC analipwa, mpambaji analipwa, mpiga picha analipwa hadi nauli ya msaidizi wake. Muoshaji anapewa wali uliobaki na "Mungu atakulipa". Walipwe vijana wanne, wake kwa waume, wapewe meza mbili, mabeseni matatu, sabuni ya kutosha na maji ya kuchemka. Kubadilika tunaweza: kadi za karatasi tuliziacha bila semina, siku hizi mwaliko unakuja kwa WhatsApp (na kikumbusho cha mchango hakikosi).

Mdogo wake bwana harusi wetu anaoa Agosti, na akina dada ndio wameshika mapishi. Nikampigia dada, nikamwambia safari hii waazime masinia, mimi nitatuma hela ya waoshaji.

"Hela tuma," akasema. "Na wewe njoo uoshe."

Likizo nimeshaomba. Ameniagiza nije na glavu zangu.