Sauti za kidijitali hewani: nani anafanya majaribio, na nani anatumia tu?

Kila kizazi cha wanaredio wa ridhaa, yaani wenye leseni ya kurusha redio kwa kupenda tu, kimegombana juu ya mtindo mpya. SSB, namna ya kurusha sauti kwa upana mdogo wa masafa, ilipoenea miaka ya 1950, waliozoea AM ya zamani waliicheka kwamba inawafanya watu walie kama bata. Mwaka 2003 kanuni za kimataifa zilipoacha kulazimisha mtihani wa Morse, yaani herufi za milio mifupi na mirefu, wapo waliotangaza matanga ya redio ya ridhaa, na matanga hayo bado tunayasubiri. Sasa ni zamu ya dijitali. Mzee mwenye kibonyezo cha Morse mezani anasema D-STAR na DMR, mifumo ya kubeba sauti kidijitali, ni simu zilizofungwa antena, na kwamba FT8, mtindo wa kutumiana ujumbe mfupi wa maandishi, ni kompyuta mbili zinazosalimiana huku wenyewe wamekwenda kunywa chai. Kijana mwenye redio ya mkononi ya DMR anamjibu kwamba ridhaa ilianzia kwenye majaribio, na anayekataa kujaribu ameshastaafu bila kujijua.

Wote wawili wana hoja, ila wanapimana kwa mizani tofauti. Mimi nitaazima mizani ya Kanuni za Redio za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ambazo zinaeleza kwamba huduma ya ridhaa ni ya kujifunza binafsi, kuwasiliana na kuchunguza mambo ya kiufundi, bila kutafuta kipato. Mambo matatu. Mifumo ya dijitali haipati alama sawa katika yote: mingi inafaulu vizuri sana kwenye kuwasiliana, halafu inaanza kuyumba ukiuliza mtumiaji amejifunza nini.

Tuanze na kinachotokea ukibonyeza kitufe cha kuongea. Kwenye FM sauti yako inayumbisha masafa moja kwa moja, na mtu aliyezoea kuchomelea saketi anaweza kuifuata safari yote, kutoka maikrofoni hadi antena, kwa mchoro wa karatasi moja. Kwenye dijitali kuna mkalimani katikati, yaani kodeki. Simu ya kawaida ya kidijitali hubeba sauti kwa biti 64,000 kwa sekunde. D-STAR huibeba kwa biti 2,400 tu, na kuongeza 1,200 za kusahihisha makosa. Inawezekanaje? Kwa sababu kinachorushwa hewani si sauti yenyewe. Kodeki husikiliza vipande vya milisekunde 20, hupima kimo cha sauti, umbo la masafa yake, na sehemu zipi zina mtetemo wa koo na zipi ni pumzi tupu, kisha hutuma vipimo hivyo. Upande wa pili, sauti huundwa upya kutokana na vipimo. Ndiyo maana ukiongea karibu na jenereta, au muziki ukilia nyuma yako, anayekusikia hupata vurugu: kodeki iliundwa kumpokea mtu mmoja anayezungumza, na mlio mwingine wowote inalazimika kuugeuza usemi.

Kuna tabia nyingine ambayo wauzaji hawaitangazi. FM ikidhoofika huanza kukwaruza, na sikio zoefu bado hunyofoa maneno kutoka ndani ya kelele. Dijitali hubaki safi mpaka ukingoni, halafu huporomoka kwa ghafla. Silabi hugeuka milio ya roboti, kisha kimya. Kwa maongezi ya kila siku usafi huo ni raha, nani asiyeupenda? Lakini anayetaka kujua mawimbi yake yanafikaje amenyang'anywa kipimo alichokuwa nacho sikioni. Wanaopeana ripoti ya 59, yaani "nakusikia wazi na kwa nguvu", kupitia ripita ya kidijitali (kituo kinachopokea ishara na kuirusha tena), tena iliyounganishwa na intaneti, wanapeana adabu tu.

Hayo yote ni fizikia na hesabu, na mwanaredio yeyote angefurahi kuyachokonoa. Tatizo ni kwamba kwenye mifumo mitatu iliyoenea zaidi, mlango wa chumba hicho umefungwa. D-STAR iliandaliwa na JARL, chama cha wanaredio wa ridhaa wa Japani, na kutangazwa mwaka 2001. DMR ni kiwango cha ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, kilichotolewa mwaka 2005 kwa ajili ya redio za biashara, na wanaredio wakakiazima. System Fusion, mfumo wa tatu, ililetwa na kampuni ya redio ya Yaesu mwaka 2013. Maelezo ya namna fremu, yaani vifurushi vya biti vinavyorushwa, zinavyopangwa unaweza kuyasoma kwa D-STAR na DMR. Sauti yenyewe, hata hivyo, inapita kwenye kodeki za familia ya AMBE, mali ya kampuni ya Marekani iitwayo Digital Voice Systems. Ukitaka kujitengenezea redio ya D-STAR kihalali tangu mwanzo hadi mwisho, njia ya kawaida imekuwa kununua chipu yao na kuiunganisha bila kujua ndani mna nini.

Hapo ndipo malalamiko ya mzee wa Morse yana uzito, ingawa yeye mwenyewe mara nyingi hayasemi hivyo. Yeye hulalamikia intaneti. Mimi naona intaneti haina kosa kubwa. Ripita ya DMR hufanya kazi hata waya wa intaneti ukikatika. Inachopoteza ni miji ya mbali. Redio mbili za D-STAR zinaweza kuongea ana kwa ana bila ripita wala mtandao wowote. Kinachonikera zaidi ni kwamba mtu amepata leseni ya kuchunguza mambo ya kiufundi, kisha anakabidhiwa chombo ambacho kiini chake kinauzwa kikiwa kimefungwa.

Ila tusiwaonee wanaotumia mifumo hiyo. DMR inagawa mkondo wa kHz 12.5 katika zamu mbili za milisekunde 30, kwa hiyo maongezi mawili yanapita kwenye ripita moja kwa wakati mmoja, na kwa kuwa redio ya mkononi hurusha nusu ya muda tu, betri hudumu zaidi. Ni uhandisi mzuri. Ripita za System Fusion zinaweza kupokea FM na dijitali kwa pamoja, hivyo wenye redio za zamani hawakufukuzwa. Na mtu anayeishi ghorofani, ambako mwenye nyumba hataki kusikia habari za antena, anaweza kuwa na hotspoti mezani: ubao mdogo wa kompyuta uliounganishwa na intaneti, na moduli ya redio yenye nguvu ya milliwati kama 10. Kwa hiyo anazungumza na dunia. Ukimwambia hiyo si redio halisi, umemwambia arudishe leseni.

Hotspoti hizo ndizo zinazoharibu hoja yangu kidogo, na afadhali nikiri kwamba zinaiharibu vizuri. Programu inayoendesha nyingi kati yake, MMDVM, iliandikwa na Jonathan Naylor wa Uingereza, mwanaredio wa ridhaa mwenye alama ya wito (utambulisho wa hewani) G4KLX, na ni programu huria. Hakuvunja kisanduku cha AMBE. Alikizunguka. Hotspoti haihitaji kuifahamu sauti. Inapokea fremu na kuzipitisha zilivyo. Kisha wengine wakagundua kwamba DMR na namna ya kawaida ya System Fusion zinatumia kodeki ileile, kwa hiyo fremu za sauti zinaweza kuhamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kwa programu peke yake. D-STAR, ambayo kodeki yake ni ya kizazi cha nyuma, haikubali ujanja huo. Kuivusha kwenda DMR ni lazima sauti ifunguliwe na kufungwa upya, na kwa kawaida hapo chipu inahitajika. Watu waliojifunza haya walijifunza redio, tena kwa undani kuliko wengi wanaonunua kifaa cha SSB dukani na kuzungusha kitufe.

Swali la haki basi ni wangapi wanafika huko. Wengi wa DMR ninaowasikia wanaishia kupambana na faili la usanidi: vikundi vya maongezi, namba ya rangi, zamu ya kwanza au ya pili, namba ya utambulisho ya tarakimu saba. Ni kazi ya kuchosha, na inafanana zaidi na kujaza fomu kuliko kufanya majaribio. Wakishafaulu, wanaongea. Kuongea ni haki yao, kwani kuwasiliana ni moja ya yale matatu. Sioni sababu ya kulipamba kwa jina la utafiti.

Walioamua kufungua mlango wapo. David Rowe wa Australia, VK5DGR, ndiye aliyeandika Codec 2, kodeki huria ya sauti inayoweza kushuka hadi biti 700 kwa sekunde. Juu yake ukajengwa mfumo wa FreeDV wa mawimbi mafupi, ambao katika namna zake nyembamba hubeba sauti ndani ya upana wa kama kHz 1, chini ya nusu ya SSB. Mwaka 2019 Wojciech Kaczmarski wa Poland alianzisha M17, mfumo wa masafa ya juu ya VHF na UHF unaotumia Codec 2 ya biti 3,200, kila kitu kikiwa wazi, kuanzia kodeki hadi mpangilio wa fremu. Jina limetokana na anwani ya klabu ya redio ya Warsaw, Mokotowska 17, jambo linalonifurahisha kuliko majina yote ya idara za mauzo.

Kwa mizani ya kujifunza na kuchunguza, M17 inapita mbali. Kwa mizani ya kuwasiliana inashindwa, na mashabiki wake wanapenda kulipita suala hili haraka. Redio za M17 zilizo tayari ni chache mno ukilinganisha na bahari ya redio za DMR. Wengi wameanza kwa kubadilisha programu ya redio ya DMR, na baadhi ya vifaa hudai kuchomelewa waya kwenye ubao. Ukimaliza, unaita, na pengine hakuna wa kukujibu. Sauti ya Codec 2 nayo ina ukavu fulani. AMBE ya kizazi cha pili inaishinda masikioni mwa wengi. Mtu mwenye saa moja ya jioni baada ya kazi atachagua mahali penye watu, na siwezi kumlaumu.

Ingekuwa mgogoro wote ni wa kilicho wazi dhidi ya kilichofungwa, FT8 ingekuwa kipenzi cha kila mtu. Programu yake, WSJT-X, ni huria. Ilitoka mwaka 2017 kwa mikono ya Steve Franke na Joe Taylor, mwanaastronomia aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1993. Ujumbe ni wa biti 77, unarushwa kwa sekunde 12.64 ndani ya zamu ya sekunde 15, kwa upana wa kama Hz 50, na unasomeka hata ishara ikiwa dB 20 hivi chini ya kelele zilizopimwa katika upana wa Hz 2,500. Mtu mwenye wati 5 na kipande cha waya anavuka bahari kwa siku ambayo SSB yake isingetoka mtaani. Kila kitu kimeandikwa na kinaweza kusomwa. Na bado huu ndio mtindo unaolaumiwa kuliko yote, kwa sababu mwendeshaji hana mengi ya kufanya: anabofya, programu inabadilishana alama za wito na ripoti, anabofya tena. Ukisikiliza karibu na 14.074 MHz utadhani bendi imefurika. Sogea juu kwenye eneo la sauti, unaweza kukuta ukimya.

Kwa hiyo tuna mfumo uliofungwa uliozaa mafundi, na mfumo ulio wazi ambao wengi huutumia kama mashine ya kukusanya nchi, yaani kuhesabu nchi walizowasiliana nazo. Uwazi unafungua mlango, lakini haumsukumi mtu aingie. FT8 kwa aliye makini ni darasa la namna anga linavyobeba mawimbi: unaona bendi ikifunguka na kufungika dakika kwa dakika, unalinganisha antena mbili, unajua kwa tarakimu kama ule waya mpya umesaidia. Kwa asiye makini ni jedwali linalojazwa. Programu ni ileile.

Kuhusu sheria nitapita haraka, maana hapo kelele ni nyingi kuliko hoja. Kanuni za ITU zinakataza mawasiliano ya ridhaa kati ya nchi kufumbwa kwa nia ya kuficha maana, isipokuwa amri za kuongozea setilaiti. AMBE ina mmiliki, lakini haifichi maana. Yeyote mwenye redio inayofaa anasikia. Ufunguo wa siri uliomo ndani ya redio nyingi za DMR, kwa sababu zilitengenezwa kwa biashara, ni habari nyingine, na kwenye bendi za ridhaa uachwe umezimwa. Marekani nayo, mwishoni mwa 2023, iliondoa kikomo cha zamani cha kasi ya alama (mara ngapi ishara hubadilika kwa sekunde) kwa data kwenye mawimbi mafupi na kuweka kikomo cha upana cha kHz 2.8. Naona ni uamuzi mzuri: mwambie mtu nafasi aliyonayo, kisha muache abuni.

Kinachonishughulisha kwa sasa ni RADE, namna mpya ya FreeDV. Hapa mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, umefunzwa kugeuza usemi kuwa ishara ya kurushwa, na mwingine kuugeuza kurudi. Sauti inayotoka ni pana na safi, ndani ya upana wa kHz 1.5, kwenye mawimbi mafupi yaliyojaa kufifia. Ukiisikia mara ya kwanza hutaamini kwamba ni bendi ileile. Programu iko wazi, hata ya kuufunza mtandao upya. Lakini ndani yake mna rundo la namba ambazo hakuna mhandisi anayeweza kuzionyesha kwa kidole na kusema hii inafanya kazi gani. Codec 2 unaweza kuisoma mstari kwa mstari na kuelewa kwa nini herufi "s" inasikika vibaya. Kwa RADE itabidi uichunguze kutoka nje: uilishe sauti mbalimbali, lugha mbalimbali, kelele mbalimbali, uandike unachopata. Huo ni uchunguzi wa kiufundi kwa maana kamili ya kanuni, na hauhitaji chipu ya mtu, ila kompyuta, redio ya SSB na mwenzako upande wa pili aliye tayari kukwambia alichosikia.