Ukifika Ukara, liache jiwe kwanza

Mtu wa Mwanza anayejua jambo moja tu kuhusu Ukara, kile kisiwa cha Ziwa Victoria kaskazini ya Ukerewe, basi anajua Jiwe Linalocheza. Picha zake zimejaa mitandaoni: jabali limekalia mengine, wenyeji wanaliimbia licheze, wageni wameinua simu juu. Sina ugomvi na jiwe. Lina wenyewe, lina miiko yake, na anayelidharau shauri yake. Ugomvi wangu ni na sisi tunaovuka maji yote yale, tukalitazama kidogo, tukakimbilia kivuko cha kurudi Bugolora, Ukerewe, halafu tukatamba kwamba Ukara tumeimaliza.

Mimi naona urithi mkubwa wa kisiwa kile ni kitu tunachokikanyaga tukienda kwenye jiwe. Ni udongo wake.

Niseme kwa nini. Siku hizi watu wananitumia picha za visiwa vya volkano vya Bahari ya Hindi, Ngazidja ya Komoro na Réunion, wakiniuliza sisi huku ziwani tuna nini cha kushindana na vile. Ngazidja nakubali ni kisiwa cha ajabu. Mlima Karthala una mita 2,361 na bado uko hai. Lava yake ikishapoa na kuchakaa kwa miaka mingi hugeuka udongo wenye rutuba, na humo ndimo inamostawi migomba na milangilangi ya marashi. Ila mwamba ule unavuja kama pakacha. Mvua inanyesha kwelikweli na kisiwa hakina mto wa kudumu, kwa hiyo watu hukinga maji kwenye matangi. Mwaka 2005 mlima ulipolipuka, majivu yaliingia kwenye matangi hayo na maji ya kunywa yakawa shida kubwa.

Ukara mambo yamepinduka. Maji yako pande zote, ila hakuna volkano iliyowaachia watu rutuba. Mwamba wake ni itale, jamii ya mawe haya haya yaliyobeba nyumba za Igogo na Mabatini hapa Mwanza, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Itale ikimomonyoka inakupa mchanga, na mchanga ukiulima miaka michache bila kuulisha unachoka. Kisiwa chenyewe ni kama kilomita za mraba 80 tu, na watu walishajaa zamani. Maofisa wa kilimo wa Mwingereza walipokwenda kukichunguza miaka ya 1930 walikuta kila kipande kinalimwa, mwaka hadi mwaka, na hakuna shamba linalopumzishwa.

Iliwezekanaje? Ng'ombe wa Mkara wa zamani hakuzurura. Alifungwa ndani, kwenye shimo, akaletewa majani. Kinyesi na mabaki ya majani vikajaa vikikanyagwa, mpaka shimo likawa ghala la samadi. Samadi ikazolewa kwa vikapu, kikapu baada ya kikapu kichwani, ikapelekwa shambani kabla ya kupanda. Uwele ukipandwa, katikati yake inawekwa marejea, ule mmea wa maua ya njano ambao maganda yake yakikauka yanachezacheza mbegu ndani. Uwele ukishavunwa, marejea inaachwa ikue, kisha inafukiwa mbichi iozee ardhini. Msimu mwingine zamu ni ya njugu mawe. Kwenye miteremko wakapanga kuta za mawe kuzuia mvua isisombe kazi yao, na ufukweni wakachimba vijishamba hadi karibu na usawa wa ziwa ili majani ya mifugo yaote hata kiangazi. Wizara ingeyaita haya kilimo cha kisasa na kuyafanyia semina. Kule yalifanyika bila semina.

Miti nayo ina wenyewe, kwa sababu majani yake ni chakula cha ng'ombe. Dereva wa bodaboda aliyenitembeza alimuuliza mzee mmoja tuliyemkuta njiani:

"Shikamoo babu. Tukate tawi hapa tujifunike jua?"

"Marahaba. Huo ni wa mdogo wangu. Yuko Mwaloni, Kirumba, anauza dagaa. Mpigie simu kwanza."

Hakuwa anatania. Tuliliacha tawi, tukachomwa na jua.

Sasa, nisije nikaonekana napamba. Kazi hii ni ngumu mno, na Wakara wenyewe wanajua kuliko mimi. Waliohamia bara, ambako ardhi ilikuwa tele, wengi waliacha samadi na kuta za mawe wakalima kama majirani zao. Nani angebeba vikapu kichwani wakati msitu mpya upo? Na leo kisiwani kwenyewe muhogo umechukua nafasi kubwa, vijana wanaona afadhali taa na nyavu za dagaa kuliko jembe. Siwezi kumlaumu kijana kwa hilo. Wala sitaki mtu afuge ng'ombe shimoni ili mimi nipate picha.

Ndiyo maana nasema hela ya mgeni ifike shambani. Tumezoea kuamini kwamba kivutio ni mnyama au jiwe. Kisiwa cha Saanane hapa mjini kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013, na kile cha Rubondo tangu 1977. Ni sawa kabisa, nami naipenda Saanane na pimbi wake. Lakini kuta za mawe za Ukara hazina kibao, hazina ramani, na wanafunzi wetu wa Mwanza wanafundishwa matuta kwa picha za nchi za mbali. Wapakieni kwenye meli waende Nansio, Ukerewe, wavuke hadi Ukara, wakaone.

Kuvuka nako kuna habari yake. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Bwisya, gati la Ukara, kikiwa kimejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 220 wakafa. Anayepanga safari ya wanafunzi ahesabu abiria kabla ya kuhesabu soda, na kila mtoto avae jaketi la kuokolea.

Ukishuka Bwisya, usidandie bodaboda ya jiweni hapohapo. Tafuta mkulima mtu mzima, msalimie, mwombe akutembeze mlimani kwenye kuta za zamani, akuonyeshe zilizobomoka na zinazotunzwa. Bei rasmi hamna, kwa hiyo patana naye kabla hamjaanza kutembea, na usimpunje kwa sababu eti anakuonyesha "shamba tu". Ukimkuta katikati ya kupanda, kaa pembeni usubiri. Jiwe mtalifikia mchana, haliendi popote.