Usimuulize mwanangu umri wake mlangoni

Mwanangu mkubwa ana miaka 12 na ameshanipita kimo. Sauti imeanza kukwaruza, na viatu vya baba yake vinambana. Msimu uliopita wa Halloween, ile sikukuu ya Oktoba ya watoto kuvaa mavazi ya kutisha na kuomba pipi nyumba kwa nyumba, alivaa joho jeusi, akajipaka unga usoni awe maiti aliyefufuka, akachukua foronya ya mto na kutoka na wadogo zake wawili kwenda kuomba pipi.

Nyumba ya tatu, mwenye nyumba aliwajazia wadogo viganja vyao, kisha akamtazama huyu mkubwa kuanzia unyayoni mpaka utosini. "Na wewe, una miaka mingapi?" Akajibu. Yule bwana akacheka, kile kicheko cha mtu anayejua anadanganywa, akampa peremende moja ya kijiti. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya njia. Niliona mabega ya mtoto yakishuka. Nyumba mbili zilizofuata hakupanda ngazi, alibaki chini akiwamulikia wadogo tochi.

Sisi tunaishi Des Moines, jimbo la Iowa, na kwa ndugu zangu wa nyumbani wanaoiona Halloween kwenye simu tu, niseme kwamba hapa ina mambo yake. Wenyeji wanaiita Beggars' Night, yaani Usiku wa Ombaomba. Ilitokana na Halloween ya mwaka 1938, vijana walipoharibu mali za watu kupita kiasi, mji ukaamua kuwapa watoto jioni yao ya kuzunguka kwa utaratibu. Kwa miaka mingi ikawa tarehe 30 Oktoba, siku moja kabla ya Halloween yenyewe, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Na hupewi pipi kwa kunyoosha mkono tu. Lazima utoe kichekesho. Mtoto anagonga, mlango unafunguliwa, anasema mzaha wake, mwenye nyumba anacheka (au anajilazimisha kucheka, maana kichekesho kilekile amekisikia mara 20 jioni hiyo), ndipo bakuli linasogezwa.

Mimi niliupenda utaratibu huu tangu mwaka wa kwanza. Mtoto hapewi bure. Analeta kitu.

Sasa kuna watu wanaotaka umri wa kuomba pipi uwekewe sheria, na kuna miji iliyofanya hivyo kweli. Chesapeake, jimbo la Virginia, tangu mwaka 1970 ilikuwa na sheria kwamba aliyevuka miaka 12 haruhusiwi, na adhabu yake iliandikwa mpaka kifungo cha jela. Jela, kwa sababu ya pipi! Mwaka 2019 wakapandisha umri hadi 14 na kuifuta hiyo jela. Huko Kanada, mji wa Bathurst ulikuwa na sheria kama hiyo, na mwaka 2017 ukaweka mwisho miaka 16. Miji miwili, nchi mbili, namba tatu tofauti. Hiyo peke yake inaonyesha kwamba namba zinakisiwa tu.

Mimi nimekulia Tanga. Siku ya Idi, watu wakishatoka kuswali, tulikuwa tunazunguka nyumba za majirani na nguo mpya zinazonuka duka, tukidai mkono wa Idi. Sarafu tulizifunga kwenye ncha ya leso na kuzihesabu kila tukikata kona. Hakuna aliyetuambia mwisho ni miaka mingapi. Mwaka mmoja, nadhani nilikuwa na 13, nilifika kwa shangazi nikiwa nimeshatayarisha kiganja. Akanitia sinia la visheti mikononi. "Wapitishie wageni," akasema. Sikuambiwa kwamba nimekua, wala sikuulizwa umri mbele za watu. Jioni akaniita jikoni, akanipa noti badala ya sarafu. Mwaka uliofuata nilikwenda moja kwa moja kwenye sinia.

Najua kuna watakaoniambia Idi ni ibada na Halloween ni mambo ya mashetani, nisivichanganye. Jirani yangu, mama wa Kikongo aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku, alishaniambia wazi: "Mie siwezi fungulia mashetani mlango." Sawa kabisa. Anazima taa ya barazani na watoto wanapita bila kugonga, kwa sababu ndivyo ilivyo hapa: taa ikiwaka, karibu, taa ikizimwa, hakuna hodi. Wanangu wanamwamkia kesho yake kama kawaida na hakuna kinyongo.

Kwangu mimi shida haijawahi kuwa urefu. Miaka miwili nyuma tulikuwa na mwaliko, tukaacha bakuli barazani na karatasi: chukua moja. Kamera ya mlangoni ilimnasa kijana mmoja. Hakuvaa chochote cha sikukuu, kofia ya sweta kichwani, simu mkononi. Alilinyanyua bakuli na kulimimina lote kwenye begi, kama anayemwaga maji ya kufulia. Huyo hata angekuwa na miaka 7 ningemfukuza. Lakini mwaka huohuo, kabla hatujatoka, alikuja binti wa kama miaka 16, mdogo wake mgongoni, masharubu ya paka ameyachora mashavuni kwa kalamu ya wino. Akatoa kichekesho chake vizuri, akamkumbusha mdogo aseme asante, yeye mwenyewe wala hakunyoosha mkono. Nilimpa mara mbili.

(Na wale wanaobisha hodi na kichanga cha miezi mitatu kimevalishwa boga? Jino hana hata moja, chokoleti ni ya nani? Nawapa. Mzazi wa kichanga hajalala, naye anastahili sukari.)

Upande wa mwenye nyumba nao una adabu zake. Mtoto mwingine haongei, au anaogopa, au Kiingereza bado hakijamkaa. Usimbanie bakuli mpaka akuchekeshe. Mpe aende. Baridi ya mwisho wa Oktoba huku inamlazimu mama kumvalisha mtoto jaketi juu ya joho la kifalme, kwa hiyo usimwambie hajavaa. Na usimuulize umri. Ukishauliza, umemwambia mtoto hadharani kwamba humwamini. Kwa watoto weusi warefu swali hili huja mapema kuliko kwa wenzao, nimeliona kwa macho yangu na kina mama wenzangu wameliona. Kisha kuna hofu nyingine ambayo hatuisemi mbele yao. Mwaka 1992 huko Baton Rouge, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, alikuwa anakwenda kwenye sherehe ya Halloween, akakosea nyumba, akapigwa risasi na kufa. Ndiyo maana yule bwana wa nyumba ya tatu alipomcheka mtoto wangu, mimi sikufikiria peremende. Nilifikiria jinsi mtoto wangu anavyoonekana mlango unapofunguliwa usiku.

Jioni ile nilimwambia mwanangu twende nyumba moja zaidi, ya bibi mmoja wa pembeni anayeishi peke yake na paka. Alikuwa ameketi barazani kabisa, blanketi miguuni, bakuli mapajani. Wadogo wakatoa vichekesho vyao. Kisha bibi akamgeukia mkubwa, "Na wewe, mrefu, umeniletea nini?" Mwanangu akasita. Kichekesho alichokiandaa nadhani kilishampotea. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba kwao huwa hawatoi vichekesho, wanategeana vitendawili, na akishindwa atatoa mji. Bibi akasema tega.

"Nyumba yangu haina mlango."

Akafikiri. Kaburi? Hapana. Boga? Hapana. Akajaribu na ganda la konokono, mwanangu akatikisa kichwa huku meno yote yako nje, unga umeshaanza kumdondoka mashavuni.

"Nimeshindwa," bibi akasema. "Unataka mji gani?"

"Nipe Des Moines."

"Chukua," akasema, na kumsogezea bakuli zima. Akachukua moja tu, akamwambia jibu ni yai.